Kiti cha Mwonja Bia

Nyie mliomlaani mwandishi wiki nzima kwa kuufungua mlango halafu akanyamaza, haya, futeni laana zenu. Mlango wa baa ya Kondoo Watatu umekwisha funguka, na aliyesimama kizingitini ni Rafe Tunnicliffe.

Ndiyo, Rafe yule yule. Mume wa Dorcas. Aliyepotea milimani miaka minane iliyopita, msimu wa theluji kubwa, likaonekana koti lake tu kando ya ziwa. Aliombewa kanisani, na jina lake likachongwa kwenye jiwe.

Dorcas alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao. Magoti yakaanza kujinyoosha yenyewe.

"Keti!" Bi Ivy alipiga ukelele kutoka kando ya meko. "Dorcas binti Amos, keti kitako!"

Dorcas akajikita kwenye benchi na kuung'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ameinuka!" Bwana Voase alisema, kidole kimemnyookea. "Nimeona mwanga chini yake."

"Umeona unachokitaka," Bi Ivy alimjibu, na sindano zake za kufumia hazikusimama hata kidogo. "Karani wa kijiji ni mimi, na mimi nasema hajainuka. Kama una mashaka, njoo upige magoti uchungulie mwenyewe, wanaume wote hawa wakuone."

Baa nzima ikaangua kicheko. Voase akakikunja kidole chake.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema upesi, maana mchanga unashuka. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe ishirini na tisa Septemba, saa sita mchana, mwonja bia wa Askerdale huvaa suruali ya ngozi. Huonja bia mpya mbele ya watu, akatamka kama inafaa, kisha humwaga painti nzima ya bia hiyo kwenye benchi la mbao na kulikalia. Hukaa nusu saa kwa saa ya mchanga, akila na kunywa. Mchanga ukiisha akainuka bila kunata, bia ni safi, haikutiwa sukari. Tawi la kijani linatundikwa mlangoni, na baa inabaki mali ya kijiji mwaka mwingine. Akinata, au akiinuka kabla ya wakati, nyumba na kiwanja vinarudi kwa familia ya Lodi Thorold. Ndivyo hati ilivyoandikwa miaka mia nne iliyopita, na wakili wa kuivunja bado hajazaliwa.

Bwana Crispin Voase ndiye msimamizi wa mashamba ya Lodi. Miaka kumi na mmoja mfululizo amekuja na saa yake mfukoni, na kila mwaka Mzee Amos, baba yake Dorcas, alikaa kama mlima. Mwaka huu Mzee Amos yuko kaburini. Anayekalia bia ni binti yake, ndani ya suruali ile ile ya marehemu, kaifunga kiunoni kwa mkanda kwa sababu mzee alikuwa na tumbo naye hana. Na Jumamosi ya wiki hii hii Dorcas alitarajia kuolewa na Alban Pickersgill, mtu anayeiendesha baa hiyo.

Sasa mnauona moto wenyewe. Turudi mlangoni.

"Habari za siku, Dorcas," Rafe alisema.

"Nzuri tu," Dorcas akajibu. "Na wewe?"

Msimcheke. Watu wa bonde lile ndivyo walivyo. Mpe mmoja wao kiazi kibichi, atakwambia ni kitamu na aombe kuongezwa. Afukiwe na theluji hadi kidevuni, ukimuuliza hali atasema kuna kibaridi kidogo. Wao huita adabu. Mimi nimeishi nao miaka mingi na naona ni ugonjwa, tena wa kurithi.

"Umekonda," Dorcas alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka mbali.

"Huko nilikokuwa hawajui kupika pai."

"Uko hai."

"Niko hai, ndiyo. Samahani."

Samahani! Dorcas alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumrushia sahani usoni, vyote kwa mkupuo mmoja. Hakufanya hata kimoja. Bia ilikuwa baridi chini yake na mchanga ulikuwa ndio kwanza umeanza.

Nyuma ya kaunta, Alban alikuwa mweupe kama unga. Lakini angalieni vizuri uso ule. Ulikuwa na hofu tele, ila haukuwa na mshangao. Dorcas aliliona hilo, akaliweka akiba.

Voase akasogea mbele, mikono nyuma.

"Bwana Tunnicliffe nilimkuta mnadani, ng'ambo ya milima," alisema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi. "Nikamwambia mkewe anaolewa Jumamosi. Akaona ni haki aje aeleze. Bahati mbaya basi lake linaondoka saa sita na robo, na lingine ni wiki ijayo. Na mwenyewe anasema mambo yake hayasemeki mbele za watu. Basi tokeni uani, Bi Dorcas. Dakika mbili tu."

Mnamwona nyoka huyu?

Kwa miaka minane Dorcas alikuwa na swali moja. Kwa nini? Alimuuliza Mungu, akaliuliza ziwa, akamuuliza hata mbwa wa Rafe aliyerudi nyumbani peke yake. Leo jibu limesimama hatua tano mbele yake, linakunjakunja kofia mikononi, na yeye amegandishwa kwenye benchi.

"Sema hapa hapa," alisema.

"Mbele ya watu wote hawa?" Rafe aliwatazama majirani waliojaa ukuta hadi ukuta. "Siwezi, Dorcas. Toka nje kidogo."

"Siwezi kutoka."

"Kwa nini?"

"Tazama nimekaa juu ya nini, mwanaume wewe!"

Rafe akatazama. Aliiona suruali ya ngozi. Akaliona benchi linalong'aa kwa bia. Akaiona saa ya mchanga juu ya meko. Uso ukambadilika pale pale.

"Leo ni Mikaeli?" Akamgeukia Voase. "Uliniambia leo ni tarehe ishirini na nane!"

"Huenda nilikosea tarehe."

"Umenileta nimwinue!"

"Nimekuleta kwa mkeo," Voase alisema. "Akiinuka, ni kwa hiari yake."

Nje, basi lilipiga honi.

Honi ikalia mara ya pili, ndefu zaidi. Dorcas alimwona Rafe akiutupia mlango jicho, na aliujua uso ule, uso wa mtu anayetaka kukimbia. Akitoka, aliwaza, nitamfuata. Baba unisamehe, nitainuka.

Rafe akavuta kigoda. Akakiweka mbele ya meza ya Dorcas, akakaa.

Basi likaondoka. Wote walilisikia likikwama kidogo pale kwenye kilima, kisha likapanda.

"Lango," Rafe alisema.

"Nini?"

"Lango la juu. Siku ile ya theluji nilisahau kulifunga. Kondoo wa baba yako wakatoka wote wakaingia bondeni, wakafukiwa. Mia mbili na kumi. Nilipowaona nilishindwa kurudi kumwambia mzee. Nikavua koti, nikaliacha ziwani, nikatembea mpaka nikafika mahali wasiponijua."

Dorcas alimkodolea macho.

"Umekufa miaka minane," alisema polepole, "kwa ajili ya lango?"

"Niliona aibu."

Hakuna aliyecheka. Wale walikuwa wafugaji, na katika bonde lile mtu husamehewa mengi kabla ya kusamehewa lango lililoachwa wazi.

"Baba alijua," Dorcas alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila kuficha. "Aliliona kesho yake. Akalifunga kwa mkono wake, akarudi akasema ni upepo. Kila aliyeuliza alimwambia ni upepo. Mpaka anakata roho, Rafe, ulikuwa upepo."

Rafe akauficha uso ndani ya kofia. Mabega yalimtikisika.

"Ungeandika," Dorcas alisema. "Mstari mmoja tu. Ungeshindwa nini kuandika?"

Kofia ikashuka. "Niliandika."

"Wapi?"

"Hapa. Kila Krismasi. Barua nane. Nilikuomba radhi, nikakwambia usipojibu nitajua umenizika. Hukujibu hata moja."

Mchanga ulikuwa umefika nusu.

Barua za kijiji kizima zilipitia mikono ya mtu mmoja. Mfuko wa barua ulishushwa kwenye kaunta ya Kondoo Watatu, na aliyezipanga kwa majina alikuwa Alban Pickersgill. Dorcas akageuza shingo taratibu. Baa nzima ikageuza shingo pamoja naye.

Alban alikuwa anafuta glasi iliyokauka zamani.

"Alban."

"Vitunguu vyako vya siki vinakuja, mpenzi."

"Alban, niangalie."

Akamwangalia. Glasi ikamponyoka na kupasuka, na hakuinama kuokota.

"Ya kwanza nilitaka kukupa Mwaka Mpya," alisema. "Nilitaka tu isikuharibie Krismasi, ulikuwa umeanza kula tena. Mwaka Mpya ukapita. Nikaona nimechelewa, nikaona haya. Ilipokuja ya pili, ungeniuliza ya kwanza iko wapi."

"Miaka minane!"

"Kila mwaka ilizidi kuwa ngumu kusema."

Jamani, hasira ina joto. Ilimpanda Dorcas kutoka tumboni hadi masikioni. Aliwaza mkono wake kwenye shavu la Alban. Hatua sita tu hadi kaunta. Misuli ya miguu ilijikusanya yenyewe, na Voase, ambaye haoni mengi lakini hilo aliliona, akamwinamia sikioni.

"Inuka, Bi Dorcas," alisema kwa upole mkubwa. "Kampige. Ningekuwa wewe nisingevumilia hata dakika. Mtu aliyekuibia maisha, unamkalia bia ya nini? Mwache na baa yake, ianguke naye."

Kibaya ni kwamba alisema kweli. Dorcas alijiuliza anamkalia nani bia ile. Aliinua macho juu ili asimtazame mtu yeyote, na juu kulikuwa na vikombe vya bati vya waonja bia waliokufa, vimetundikwa kwenye boriti. Cha mwisho kilikuwa cha baba yake, kina kibonyeo pembeni. Machi iliyopita walimleta Mzee Amos kutoka milimani amekwisha kata roho. Walimlaza kwenye meza hii hii aliyoishika sasa, Bi Ivy akamfunga kidevu kwa kitambaa, na majirani wakakesha wamesimama kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa. Hapakuwa nyumbani kwa Alban pale. Alban ni mfungua mapipa tu. Pale palikuwa nyumbani kwa wote, na Lodi akipachukua atapaweka vitanda vya wageni wa majira ya joto.

"Bwana Voase," alisema, "nimekaa vizuri, asante."

Watu wakapiga meza kwa ngumi. Vikombe vikaruka. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo ni Amos mtupu!" na Voase akarudi mahali pake akitazama saa yake kwa mara ya kumi.

Alban akaleta pai ya nyama ya kondoo, akaiweka mezani bila kuthubutu kumgusa. Dorcas akala kwa hasira. Akakata ukoko, akatafuna, akashushia bia, akakata tena. Robo tatu ya mchanga ilikuwa chini. Kilichobaki ni kukaa tu, na kukaa anakuweza. Baadaye atajua la kufanya na mume aliyefufuka na mchumba aliyeoza.

Nyigu mmoja akaja akizungukazunguka. Mwisho wa Septemba wanakuwa wengi, wamelegea, wanatafuta kitu cha mwisho cha kulamba. Dorcas akampunga mbali na pai.

Nyigu hakutaka pai. Alishuka chini, akatua kwenye benchi, karibu na paja lake, akainamisha kichwa na kuanza kulamba.

Akaja wa pili. Naye akashuka pale pale.

Uma wa Dorcas ukasimama njiani. Kwa maana sasa alikumbuka. Saa sita kamili, alipoonja bia mbele ya watu, funda lile la kwanza lilikuwa na utamu kwa mbali, nyuma kabisa ya ulimi. Aliusikia. Ulimi wake ni ulimi wa Amos, haudanganyiki. Na Alban, aliyesimama mbele yake na taulo begani, aliuliza kama anavyomuuliza kila mteja, "Iko sawa?" Na Dorcas, kabla hajafikiri, alijibu kama kila mtu wa bonde lile anavyojibu chakula kikiwa kizuri na kikiwa kibovu.

"Nzuri sana, asante."

Neno la mwonja likishatoka halirudi. Aliitamka bia kuwa safi mbele ya mashahidi arobaini, kisha akaimwaga na kuikalia.

"Alban," aliita. "Vile vitunguu."

Alban akaja na bakuli. Alipoinama, Dorcas akaongea bila kufungua meno.

"Umetia nini kwenye bia?"

"Shira," Alban alinong'ona, na bakuli likagongana na sahani. "Kidogo tu. Ngurumo za Jumatatu zilichachusha pipa, nikataka kuficha uchachu. Lipo lingine chini, safi kabisa. Ungesema haifai ningelifungua pale pale, na hakuna ambaye angejua. Nilikukodolea macho ulipokuwa unaonja. Mbona ulisema nzuri?"

"Kwa sababu uliniuliza mbele za watu! Ulitegemea niseme nini?"

"Ungesema kweli."

"Wewe ndiye wa kuniambia kuhusu kweli?"

Alban akarudi kwenye kaunta akitembea kama mtu aliyebebeshwa gunia. Dorcas akajaribu kusogeza paja la kulia, kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa. Paja likasogea ndani ya suruali. Suruali ikabaki ilipokuwa.

Akajaribu la kushoto. Vile vile.

Nusu saa nzima watu walimvuta ainuke naye akakataa. Sasa hata akitaka hawezi.

"Zimebaki chembe," Bi Ivy alitangaza, pua yake karibu iguse kioo. "Tatu. Mbili. Imekwisha! Inuka, mwanangu, ukatundike tawi!"

Mngesikia kelele zile! Watu walikumbatiana, walirusha kofia, na kuna aliyembusu Bi Ivy akapigwa na sindano. Voase alifunga saa yake kwa mlio mkavu, akavaa kofia.

"Mpaka mwakani, basi," alisema, na akaelekea mlangoni.

Dorcas hakuinuka.

"Mwanangu," Bi Ivy alisema. "Inuka."

"Sina haraka."

Kelele zikapungua. Sura zikamgeukia, moja baada ya nyingine. Voase alikuwa bado hajatoka, mkono wake uko kwenye kitasa. Dorcas aliona kitasa kile, akaona anahitaji dakika chache tu, mtu huyu atoke, mlango ufungwe nyuma yake.

"Sitainuka," alisema kwa sauti kubwa, "mpaka barua zangu zifike hapa mezani. Zote nane!"

"Ana haki!" watu wakaitikia. "Lete barua, mwizi wewe!"

Alban alikimbia. Peke yake katika baa ile ndiye aliyejua Dorcas anatafuta kupoteza muda, na alirudi na kopo la biskuti lililofungwa uzi wa sufu. Dorcas akaufungua uzi kwa utaratibu wa ajabu. Akatoa barua ya kwanza, akainyoosha juu ya goti, akaanza kusoma. Hajawahi kuzaliwa mwanamke aliyesoma barua polepole kiasi kile. Mwandiko wa Rafe ulikuwa mbaya kama zamani, na neno la tatu lilikuwa "lango," na licha ya yote moyo ulimuuma.

Rafe alikuwa bado kwenye kigoda chake. Alishusha macho. Aliwaona nyigu, sasa watano, wamejipanga kwenye benchi kando ya ngozi. Akamtazama Dorcas. Wakatazamana, na Rafe akaelewa, maana naye alizaliwa pale.

Alitaka kusaidia. Ndiyo kawaida yake, anataka kusaidia halafu lango linabaki wazi. Akashika kofia na kuanza kuwapunga nyigu.

Nyigu wakaruka. Wakazunguka juu ya kichwa cha Dorcas, wakang'aa kwenye mwanga wa dirisha, wakashuka tena palepale walipotoka. Na mtu aliyekuwa mlangoni akageuka kuona Rafe anapigana na nini.

Voase akaachia kitasa.

Akarudi hatua kwa hatua, na watu wakampisha bila kujua kwa nini wanampisha. Alitazama pai iliyobaki nusu, haina nyigu. Alitazama bakuli la vitunguu, halina nyigu. Akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa benchi, akakiweka ulimini.

Sindano za Bi Ivy zikasimama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Inuka," Voase alisema. Hakuwa na upole tena.

Alban alishika kaunta. Rafe alifumba macho. Dorcas alikunja barua, akairudisha kwenye kopo, akafunika kopo. Alikuwa anafikiri juu ya aibu. Aibu ilimla mumewe miaka minane kwa ajili ya lango. Ikamla Alban barua moja baada ya nyingine. Leo saa sita imemla yeye mwenyewe, kwa maneno matatu ya adabu. Ilitosha. Aibu ilikwisha shiba katika nyumba ile.

"Bi Ivy," alisema, "ile hati inasemaje? Isome neno kwa neno."

Bi Ivy akavaa miwani. Akaikunjua hati, akasoma.

"'Na mchanga ukiisha, mwonja na ainuke kutoka kwenye benchi bila kuzuiliwa nalo, na shahidi wa Lodi na aone kwa macho yake mwenyewe.'"

"Inasema mwonja ainuke."

"Inasema hivyo."

"Inasema chochote kuhusu suruali?"

Bi Ivy akasoma tena, kimya, kidole kikifuata mistari hadi chini kwenye muhuri. Kisha aliinua uso, na mwandishi anaapa kwamba bibi yule wa miaka themanini alikuwa anajizuia kucheka.

"Haisemi," alisema. "Wanaume wote, tazameni ukutani!"

Viatu arobaini vikakwaruza sakafu ya mawe. Alban akageuka, Rafe akageuka na kigoda chake. Voase peke yake alibaki amesimama, uso kwa uso na mwonja bia. Alikuwa shahidi wa Lodi, lazima aone kwa macho yake mwenyewe; akigeuka, hana la kumpinga mwonja. Lakini naye, masikini, mama yake alimzaa katika bonde lile lile. Wekundu ukamtoka kwenye kola, ukapanda shingoni, ukafika masikioni.

Dorcas akaweka mkono kwenye mkanda wa baba yake. Suruali ilikuwa pana, tumbo zima la Mzee Amos lingeingia na nafasi ikabaki.

"Tazama au geuka, Bwana Voase," alisema. "Chagua upesi."

Na akaufungua mkanda.